Garratt, mashini ndefu iliyovuta shaba ya Katanga hadi bahari

Jina la Lobito limerudi midomoni mwa watu. Mwaka wa 2023 njia ya reli inayotoka bandari ile ya Angola hadi mpaka wa Kongo, upande wa Dilolo, ilikabidhiwa kwa kompani mpya, na Desemba 2024 rais wa Marekani wa wakati ule, Joe Biden, alifika Lobito mwenyewe. Huko Kolwezi, Likasi na Lubumbashi watu wanauliza kama treni zitapita tena kama zamani, na kama safari hii kitu kitabaki kwa wakaaji. Kuhusu zamani hiyo, wengi wanakumbuka shaba na bei yake. Wachache wanakumbuka kilichoivuta.

Kwa miaka mingi ilivutwa na mashini za mvuke zinazoitwa Garratt. Mtu aliyeiona moja ikipita hakuisahau. Ilikuwa kama treni tatu zilizoshikana: mbele tangi la maji juu ya magurudumu, katikati boila kubwa, ni kusema lile pipa la chuma ambamo maji yanachemka kuwa mvuke, na nyuma tangi lingine na sanduku la kuni au makaa ya mawe, nalo juu ya magurudumu yake. Injini zilikuwa mbili, moja chini ya kila tangi. Boila ilikuwa moja, na chini yake hapakuwa na gurudumu hata moja.

Wazee wa Kongo wanajua tipoye, kile kiti ambacho mtawala Mzungu alibebwa nacho porini. Wabebaji wengine walikuwa mbele, wengine nyuma, na yeye katikati, amening'inia juu ya miti. Njia ilipokata kona, wa mbele waligeuka kwanza, wa nyuma wakafuata, na kiti kikapita ndani ya kona bila kugusa mti. Garratt ni tipoye ya chuma. Boila ndiyo bwana aliyeketi. Injini mbili ndizo wabebaji, na kila moja inageuka peke yake juu ya kiungo chake.

Kwa nini shida yote hiyo? Mashini ya kawaida ya mvuke ina boila juu ya magurudumu yake, na magurudumu yote yamefungwa katika fremu moja ngumu. Ukitaka ivute mzigo mzito zaidi, lazima uiongezee uzito na magurudumu. Ukiongeza magurudumu, inakuwa ndefu, na kitu kirefu kigumu hakikati kona. Ukiongeza uzito bila magurudumu, reli zinapinda na madaraja yanalia. Basi mafundi wa karne ya 19 walitafuta namna ya kuikata mashini na kuiunga tena kwa viungo, kama mwili wa jongoo.

Garratt haikuwa ya kwanza. Robert Fairlie, wa Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1864. Anatole Mallet, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Ufaransa, alileta yake miaka ya 1880: injini ya nyuma imefungwa kwa boila, ile ya mbele tu inageuka. Mallet zilienea sana Marekani, na mtoto wao mkubwa ni Big Boy ya kompani ya Union Pacific. Zilijengwa 25 kuanzia mwaka wa 1941 kwa ajili ya milima ya Wyoming na Utah, na moja, namba 4014, ilitengenezwa upya ikatembea tena mwaka wa 2019. Lakini Big Boy ilikuwa na reli nene chini yake na utajiri wa Marekani nyuma yake. Reli za Afrika hazikuwa hivyo.

Herbert William Garratt alikuwa mhandisi Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1864, akazunguka dunia akifanya kazi za reli. Mwaka wa 1907 alipeleka wazo lake kwa kiwanda cha Beyer, Peacock, huko Manchester. Mashini mbili za kwanza zilitoka mwaka wa 1909 na kwenda kisiwa cha Tasmania, Australia, kubeba mawe ya madini juu ya reli yenye upana wa sentimita 61 tu. Tangu siku ya kwanza, basi, kazi yake ilikuwa ile ile: mlima, kona kali, reli nyembamba, na madini yanayoshuka kwenda bandarini. Garratt mwenyewe alikufa mwaka wa 1913, hajaona mashini yake ikitawala bara zima. Dunia nzima zilijengwa zaidi ya 1,500, na sehemu kubwa ilifanya kazi Afrika.

Ujanja wake mkubwa ni lile pengo chini ya boila. Kwa kuwa hakuna gurudumu pale, boila inaweza kuwa nene na sanduku la moto kuwa pana na la kina kirefu. Moto unapata hewa, majivu yanaanguka vizuri, na mvuke unatoka mwingi. Tena uzito unatawanywa juu ya ekseli nyingi, kutoka mwanzo wa tangi la mbele hadi mwisho wa tangi la nyuma. Daraja moja dogo halibebi mashini nzima kwa wakati mmoja. Na mashini inakimbia vizuri mbele na nyuma, kwa hiyo si lazima kuigeuza mwisho wa safari.

Kasoro nazo zilikuwepo. Mvuke ulipaswa kusafiri kutoka boila hadi injini mbili zinazocheza huku na huku, ndani ya mabomba yenye viungo, na viungo vile vilivuja vikichoka. Tena maji yenyewe ndiyo sehemu ya uzito unaokandamiza magurudumu kwenye reli. Kadiri safari ilivyoendelea na matangi yalivyokauka, ndivyo magurudumu yalivyoanza kuteleza, na mara nyingi hiyo ilikuwa saa ile ile dereva alipokuwa na mlima mbele yake.

Kongo ilizipata Garratt mapema kuliko wengi wanavyodhani. Hazikuwa Katanga, zilikuwa Bas-Congo. Kiwanda cha Saint-Léonard cha Liège, Ubelgiji, kilijenga Garratt ndogo kwa ajili ya reli za huko kabla ya vita kuu ya 1914. Reli ya Matadi hadi Kinshasa, iliyomalizika mwaka wa 1898, ilikuwa nyembamba sana, sentimita zisizofika 77, yenye kona zinazozunguka vilima vya Palabala kama kamba iliyotupwa chini. Hesabu rasmi ya kompani ilisema Waafrika 1,800 na Wazungu 132 walikufa wakiijenga. Wafanyakazi waliletwa kutoka Afrika ya Magharibi, Zanzibar, hata Barbados na China, kwa sababu wenyeji walikimbia. Kompani ilijenga nyembamba ili imalize upesi na kwa bei ndogo. Kisha, mzigo ulipozidi, ikatafuta mashini yenye viungo ili kuepuka kujenga upya. Mwisho ilibidi kujenga upya tu: njia mpya pana ilimalizika mwaka wa 1932, na kazi ile ya pili nayo ilifanywa kwa watu waliolazimishwa, na wengi walikufa.

Hapo ndipo siri ya Garratt katika Afrika yote. Mhandisi huiita akili ya ufundi, na ni kweli, ni akili kubwa. Lakini mbele ya akili ilikuja hesabu ya wenye hisa: reli nzuri, iliyonyooka, yenye chuma kizito na madaraja imara inagharimu pesa nyingi kwa kila kilometa. Mashini inayokubali kupinda inagharimu mara moja. Nchi iliachwa na njia dhaifu, na mashini ikatengenezwa ili ivumilie.

Katanga ilipata reli yake kutoka kusini. Njia ya Rhodesia ilivuka Zambezi mwaka wa 1905, ikafika Sakania mwaka wa 1909 na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Bila njia ile kiwanda cha kuyeyusha shaba kisingewaka mwaka wa 1911, kwa sababu makaa yaliyotumika kuyeyushia yalitoka Wankie, leo Hwange, Zimbabwe. Makaa yalipanda kaskazini, shaba ikashuka kusini na mashariki hadi bandari ya Beira. Baadaye Rhodesia ikawa nchi ya Garratt hasa. Kundi la 20, lililojengwa miaka ya 1950, lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 220 kila moja. Kwa safari ndefu, nyuma ya mashini walifunga behewa la kulala: timu moja ya dereva na mchochea moto ilifanya kazi, nyingine ililala, kisha wakabadilishana, na mashini haikupoa.

Kuna jambo moja la Sakania ambalo wajukuu wa wafanyakazi wa BCK wangependa kulijua. BCK ndiyo kompani ya reli ya Katanga na Kasai, mama wa SNCC ya leo. Upande wa Kongo, wakati wa Wabelgiji, Wakongomani waliendesha treni. Walikuwa madereva kweli, na mashini ilikuwa mikononi mwao. Upande wa pili wa mpaka, Rhodesia, kazi ya kuendesha ilihifadhiwa kwa Wazungu hadi karibu na uhuru. Mwafrika angeweza kufanya kazi za mikono kuizunguka mashini maisha yake yote bila kupewa usukani wake. Wageni wengi waliopita miaka ya 1950 waliliandika jambo hilo kwa mshangao: reli ile ile, mzigo ule ule, na mtu anayeruhusiwa kuendesha upande huu haruhusiwi upande ule. Wabelgiji hawakufanya hivyo kwa upendo. Dereva Mkongomani alilipwa kidogo kuliko Mzungu aliyetolewa Ulaya. Lakini ufundi ukiingia mkononi hautoki, na ndiyo maana uhuru ulipofika nchi ilikuwa na watu wa reli, wakati mawaziri waliosoma walikuwa wachache.

Njia ya Lobito ilikuja nyuma. Robert Williams, Mskochi aliyekuwa mtu wa Cecil Rhodes, alipata ruhusa ya Wareno mwaka wa 1902, na kazi ikaanza mwaka wa 1903. Ilichukua miaka 26 kufika mpakani. Mwaka wa 1931 ikaunganishwa na reli ya Katanga. Kutoka Lobito hadi mpaka ni kilometa 1,344, na mwanzo ndio mgumu: kutoka ukingo wa bahari njia inapanda milima mikavu hadi uwanda wa juu wa Huambo, zaidi ya mita 1,700. Mahali pamoja palikuwa na mlima mkali hata walitia reli ya meno katikati, na mashini ikapanda kwa gurudumu la meno kama mtu anayepanda ngazi. Ile ya meno iliachwa mwaka wa 1948 njia ilipozungushwa.

Angola haikuwa na makaa ya mawe. Kuyaleta kwa meli kulikuwa ghali. Kompani ya Benguela ikapanda miti ya mikaratusi kandokando ya njia, misitu mikubwa ya safu zilizonyooka, ikivunwa na kupandwa tena. Kwa hiyo Garratt za Benguela, zilizoanza kufika kutoka Manchester miaka ya 1920 na kuendelea hadi miaka ya 1950, zilikula kuni. Mashini ya tani nyingi namna ile inayokula kuni ni kitu cha ajabu. Usiku cheche ziliruka juu ya bomba kama nyota zilizofukuzwa, na vituoni milundo ya magogo ilipangwa ikisubiri. Mwenye kuchochea alitupa magogo kwa saa nyingi, kwa mkono, kwenye mdomo wa moto usioshiba. Kila tani ya shaba iliyopita pale ilipita juu ya mgongo wa mtu huyo, na jina lake halimo katika vitabu.

Serikali ya Wabelgiji haikuipenda sana njia ya Lobito ingawa ndiyo iliyokuwa fupi. Ilitaka shaba ipite ndani ya koloni: kwa treni hadi Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, kwa meli ya mto hadi Kinshasa, kisha tena kwa treni hadi Matadi. Kupakia, kupakua, kupakia, kupakua. Waliita njia ya taifa. Hata hivyo Lobito ilipata sehemu yake, na kwa manganizi ya Kisenge, iliyo karibu na Dilolo, ndiyo ilikuwa mlango. Wakati huo BCK ilifuata njia nyingine ya ufundi. Ilikuwa na umeme wa mabwawa ya Lufira na Lualaba, na mwaka wa 1952 treni za umeme zikaanza kati ya Likasi na Tenke, mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya kwa aina ile ya umeme. Basi mzigo mmoja ungeweza kuanza safari kwa umeme wa kisasa na kuimaliza kwa moto wa kuni.

Mwaka wa 1975 vita vya Angola viliifunga njia. Madaraja yalilipuliwa, mabomu yalifukiwa chini ya reli, na vituo vikawa ngome za askari. Kisenge ikabaki na milima ya manganizi isiyo na pa kwenda. Watu wa Angola walivuka mpaka kuingia Katanga na vifurushi kichwani, na familia nyingi zikaishi huko miaka mingi. Anayeishi leo kambini au kwa jamaa, mbali na shamba lake, anaielewa historia hii bila kuelezwa. Njia ikikatwa hazikatiki reli tu. Chumvi inapanda bei, soko linakufa, mtoto anakosa dawa, na anayetaka kurudi kwao hana pa kupitia. Mashini zenyewe nyingi zilisimama zilipokuwa, zikashika kutu. Hazikushindwa na mlima hata siku moja. Zilishindwa na daraja lililoanguka. Wachina walijenga njia upya, na mwaka wa 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau kwa ufunguzi. Treni za sasa zinavutwa na dizeli.

Kwa wasomaji wa Kivu na Ituri, Katanga ni mbali, lakini Garratt walikuwa nazo karibu zaidi ya hapo. Reli ya Kenya na Uganda ilinunua za kwanza mwaka wa 1926. Njia yao inatoka Mombasa, inapanda hadi Nairobi, kisha inavuka Timboroa kwenye mita zaidi ya 2,780 kabla ya kushuka kuelekea Uganda. Mwaka wa 1939 ilikuja aina yenye ekseli 16 na uzito wa karibu tani 190, nayo ilitembea juu ya reli za kilo 25 kwa kila mita. Reli kubwa za leo zina kilo 50 hadi 60. Mtu aliyepiga hesabu ile alikuwa na moyo mgumu, au alikuwa na bosi aliyekataa kununua reli nyingine.

Mwaka wa 1955 na 1956 Beyer, Peacock ilitoa kundi la 59, mashini 34. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi na urefu wa karibu mita 32. Reli ilikuwa na upana wa mita moja, na boila iliyoketi juu yake ilikuwa na unene wa mita 2 na sentimita 28. Mtu akiisimama mbele anashangaa haianguki. Ziliwaka kwa mafuta mazito, zikavuta treni za tani 1,200 kutoka bahari hadi Nairobi. Mashini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizo haikuwahi kujengwa kwa reli za mita moja, mahali popote duniani.

Ziliitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ya kwanza ilikuwa Mount Kenya. Ya pili, namba 5902, ilibeba jina la Ruwenzori, mlima ule ule ambao watu wa Beni na Mutwanga wanauona asubuhi mawingu yakifunguka. Nyingine iliitwa Muhavura, volkeno inayoonekana kutoka Bunagana. Kundi lingine, la 60, lilipewa majina ya magavana Waingereza, na baada ya uhuru vibao vile viling'olewa. Milima iliachwa.

Mwaka ule ule wa 1956 reli ilifika Kasese, chini ya Ruwenzori upande wa Uganda, si mbali na Kasindi. Ilifika kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Ilisimama pale. Kahawa ya Beni na Butembo iliendelea kwenda kwa lori kwenye matope, na hadi leo hakuna reli inayovuka mpaka ule. Upande wa ziwa Tanganyika ilikuwa afadhali kidogo: mizigo ya Kongo ilivuka kutoka Kalemie hadi Kigoma kwa meli, ikapanda treni ya Tanganyika hadi Dar es Salaam, na reli ile nayo ilikuwa na Garratt zake tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Lakini meli, treni, meli: kila badiliko lilikula pesa na muda.

Kiwanda cha Beyer, Peacock kilifungwa mwaka wa 1966. Dizeli ilikuwa imeshinda: haitaki maji kila kituo, haitaki saa nyingi za kuwasha moto, na dereva mmoja anaweza kuunganisha tatu pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977 na reli yake ikagawanywa; mwaka wa 1980 kundi la 59 lilikuwa limekwisha kazi. Zimbabwe peke yake ilirudi nyuma kwa makusudi. Ilikuwa na makaa ya Hwange na haikuwa na mafuta, ikazifufua Garratt zake, na Bulawayo iliendelea kuziona zikifanya kazi miaka mingi baadaye.

Leo Garratt nyingi zinazotembea duniani zinaingia ndani ya sanduku la viatu. Huko Ulaya, Afrika Kusini na Australia kuna watu wazima, wengi wao mafundi wastaafu, wanaojenga treni ndogo za mfano kwa kipimo. Kipimo kinachopendwa zaidi ni moja kwa 87, ni kusema kila sentimita ya mfano ni sentimita 87 za kweli. Kundi la 59 kwa kipimo hicho lina urefu wa sentimita 36 hivi. Michoro ya kiwanda cha Beyer, Peacock imehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester, na mjenzi mwenye subira anaweza kupata hata mahali pa kila ribiti.

Ajabu ni kwamba tatizo la Garratt linarudi hata mezani. Kona ya treni ya mfano ni kali kuliko ya kweli: kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 40 ni kama kona ya mita 35 kwa reli halisi, na hakuna treni kubwa inayoweza kuipita. Kwa hiyo mfano wa Big Boy mara nyingi unatiwa kiungo nyuma ambacho mashini ya kweli haina, na boila yake inatokeza nje ya kona kama kiwiko. Garratt haihitaji uongo huo. Injini zake mbili zinageuka, boila inakata ndani, inapita. Watoto wa Kongo wanaotengeneza malori kwa waya na makopo ya sardini wanalijua jambo hili kwa vidole vyao: lori refu linakataa kona mpaka ulikate katikati na kulifunga kwa waya unaozunguka.

Kuna wajenzi wengine wanaofanya mifano mikubwa zaidi, ya bustanini, yenye moto wa kweli na mvuke wa kweli, inayovuta watu wazima waliokaa juu ya mabehewa kama juu ya benchi. Mambo yote ya zamani yanarudi: bomba linavuja kwenye kiungo, maji yanapungua, magurudumu yanateleza. Kitu kimoja tu hakimo katika mifano, nacho ni mzigo wenyewe. Mabehewa madogo ya shaba na manganizi yanazunguka meza na kurudi pale yalipoanzia, jambo ambalo la kweli halikufanya kamwe.

Mashini ya kwanza kabisa, ile ya Tasmania ya mwaka wa 1909, ilirudishwa Uingereza, ikatengenezwa, na ikavuta watalii katika milima ya Wales. Garratt moja kubwa ya Afrika Kusini imesimama ndani ya makumbusho ya Manchester, mji ulioijenga. Kati ya zile 34 zilizobeba majina ya milima, mbili zimebaki, zote katika makumbusho ya reli ya Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Nyingine zote zilikatwa vipande na kuuzwa kama vyuma chakavu, na ile ya Ruwenzori ilikuwa kati yao.